Sarkar Raj: iangalie, ila usianzie hapo

Mkuu umeuliza kama Sarkar Raj, ile muvi ya Kihindi, ina maana au ni sehemu ya pili ya kula hela za watu tu. Mi nakwambia iangalie, ila kama hujaona Sarkar ya 2005 anza nayo, maana bila ile ishu ya Shankar (Abhishek Bachchan) kumuua kaka yake Vishnu hutaelewa uzito alionao pale nyumbani. Hii ya 2008 ugomvi ni mradi wa umeme, mdada Anita (Aishwarya Rai) anataka kujenga mtambo huko Thakurwadi, Maharashtra, wanakijiji wahamishwe, Shankar anaona maendeleo, wengine wanaona siasa na hela. Utamu ni Amitabh Bachchan, anayecheza baba yake Shankar, na Abhishek, baba na mwana hata nje ya muvi, wakikaa kimya wakiangaliana we mwenyewe unashika pumzi. Nyimbo za kukimbizana kwenye maua sahau. Kinachokera ni kamera ya muongozaji Ram Gopal Varma, inasogezwa usoni hadi unahesabu vinyweleo, na ule muziki wa "govinda govinda" unapigwa mpaka masikio yanaomba po. Mwishoni kabisa sikiliza nani anaagiza chai, simalizii