Wasomaji Wauliza: Riwaya Ikigeuzwa Filamu

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Juzi mimi na wenzangu wa barazani tuliitazama filamu ya Vuta N'Kuvute. Sisi wawili tuliosoma riwaya tulikasirishwa na jinsi hadithi ilivyokatwakatwa, ilhali wenzetu ambao hawajaisoma waliisifu hadi usiku wa manane. Nani mwenye haki ya kuihukumu? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam. Hasira zenu zina msingi, ila mmezielekeza siko. Katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin anaozwa Bwana Raza, mwenye duka anayemzidi umri kwa mbali, kisha anachukuliwa hadi Mombasa kabla ya kutoroka na kurudi Unguja, hivyo msomaji anapata nafasi ya kuujua upweke wake kabla hajakutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Amil Shivji, aliyeiongoza filamu ya mwaka 2021, ameiruka safari hiyo na kuwakutanisha wawili hao usiku ule ule Yasmin anapopelekwa kuolewa. Faida yake ni kwamba mapenzi na harakati za kumpinga Mwingereza vinaanza kwa pamoja; hasara yake ni kwamba ndoa anayoikimbia hatujaionja, na uamuzi wake unaonekana mwepesi kuliko ulivyo kitabuni. Lalamikieni hilo, kwa kuwa linaonekana kwenye filamu yenyewe, wala msihesabu sura zilizoachwa, maana hakuna filamu ya saa moja na nusu iwezayo kuyabeba maongezi yote ya Mwajuma, rafiki wa Yasmin.

Wenzenu nao wana haki kamili, kwa sababu filamu haipaswi kumdai mtazamaji kitabu mlangoni. Nashuku, hata hivyo, kwamba sehemu ya sifa zao ilikuwa ya vichochoro vya Mji Mkongwe vinavyofanana na vya Mkomani, huko kwenu Lamu. Kwangu mimi filamu hii inashinda kwa rangi na utulivu wake, na inashindwa pale siasa inapotajwa kwa haraka mno.

SWALI: Nilipendekeza tuitazame The Letter nyumbani, lakini mama mkwe wangu amekataa, akisema hatazami mambo ya uchawi. Nifanyeje? (Msomaji, Maweni, Malindi)

JIBU: Dada yangu, usimlazimishe, ila mweleze kwamba filamu hiyo ya hali halisi, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King mwaka 2019, inachunguza shutuma za uchawi na wala si uchawi wenyewe. Kijana Karisa, anayeishi Mombasa, anagundua kupitia Facebook kwamba bibi yake anaitwa mchawi, na anarudi kwao kujua nani anasema hivyo na kwa nini. Katika kaunti yetu ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa shutuma za namna hiyo, mara nyingi huku kukiwa na ugomvi wa shamba nyuma yake, kisa hicho hakihitaji kutafsiriwa. Mimi naiweka juu ya filamu zote za Kenya nilizozitazama, kwa sababu inaisikiliza familia nzima, hata wale wanaoshutumu, na bibi mwenyewe, aliyekwisha kupita miaka 90, ndiye mtulivu kuliko wote. Mkiitazama pamoja, mwache mama mkwe awe wa kwanza kutoa maoni; huenda ana mengi ya kusema kuliko sisi sote.

SWALI: Aliyeitazama filamu kibandani kwa sauti ya DJ Afro, yule anayezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, je, ameitazama? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Ameitazama nusu. Mapigano ameyaona kwa macho yake na anaweza kuyatolea maoni, na akisema ndiyo filamu aipendayo kuliko zote hakuna wa kumpinga. Lakini msimulizi huwapa wahusika majina mapya na kuongeza mizaha yake mwenyewe, hivyo kabla ya kuyasifu au kuyaponda mazungumzo, ndugu huyo itambidi aitazame tena kwa sauti yake ya asili.