Kugeuza rekodi ya ngoma kuwa MIDI hakuisafishi

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tandahimba, natengeneza biti kwa FL Studio. Nilirekodi sindimba kwa simu kwenye sherehe ya jando: ngoma tatu, manyanga na bibi mmoja anayeimbisha. Nataka kuiweka ndani ya biti, lakini haikai kwenye tempo na kelele ni nyingi. Jamaa mmoja mwenye studio Mtwara mjini anataka elfu themanini aigeuze kuwa MIDI. Anasema ikishakuwa MIDI itakuwa safi na itafuata tempo yenyewe. Nilijaribu mwenyewe nikapata kinanda kinachorukaruka tu. Nimekosea wapi? Na nikimtumia mwenzangu wa Lindi hiyo MIDI, atasikia ninachosikia mimi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujakosea popote. Hicho kinanda kinachorukaruka ndiyo MIDI ya rekodi yako, na huyo jamaa akiitengeneza kwa elfu themanini utapata kilekile, labda kikiwa kimevishwa mlio wa dramu. Usimpe hela.

Swali hili linanifikia sana korosho zikishauzwa na vijana wakiwa na chochote mfukoni. Kila anayeuliza ameshaambiwa na mtu kwamba MIDI ni aina ya sauti iliyo bora kuliko MP3. Ndani ya faili la MIDI hamna sauti kabisa. Kuna maagizo tu: nota namba fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, imeachiwa wakati fulani. Namba zenyewe zinaanzia 0 na kuishia 127. Mfumo huu ulitoka mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Januari ya mwaka huo vinanda viwili, Prophet-600 na Jupiter-6 ya Roland, viliunganishwa kwa waya mbele ya watu, ukibonyeza kimoja na kingine kinalia. Ulitengenezwa kwa ajili ya kubonyeza, na hadi leo unafikiri kwa vidole vya mpiga kinanda.

Sisi wa kusini tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wengine, maana tunaishi na stakabadhi ghalani. Stakabadhi, ile karatasi unayopewa ukiweka mzigo ghalani, ina kilo na daraja la korosho zako, lakini huwezi kuikaanga ukala. Ukiipeleka kwenye ghala ambalo halina mzigo wako, unarudi na karatasi. MIDI nayo bila ala ya kuichezesha ni karatasi tu.

Ndiyo maana ulisikia piano. Katika General MIDI, orodha ya mwaka 1991 inayoipa kila ala namba yake, ala namba 1 ni piano, na ngoma zimetengewa chaneli ya 10. Faili lisiposema linataka ala gani, programu nyingi hushika hiyo ya kwanza.

Sasa tazama kigeuzi kinafanya nini. Kinasikiliza rekodi, kinatafuta mlio mkuu kila kipande kidogo cha sekunde, halafu kinakisia ni nota gani. Ukikipa filimbi moja, au mtu anayeimba peke yake chumbani, kinakisia vizuri; programu za Melodyne na Ableton Live zinaifanya kazi hiyo na sina ugomvi nazo. Kwako simu moja imemeza ngoma tatu, manyanga, bibi, vigelegele na, kama naijua Tandahimba, bodaboda anayepita. Kila kimoja kinaandikiwa nota. Kigelegele kimoja tu kinazaa nota chungu nzima.

Tuseme ungerekodi ngoma moja peke yake. Yule wa ngoma ndogo anatumia fimbo mbili nyembamba, moja inagonga katikati ya ngozi, nyingine inakwaruza ukingoni. Kabla ya kuanza ameipasha ngozi motoni ikaze. Wakicheza kwa muda ngozi inalegea, mlio unashuka, naye anairudisha motoni. Kigeuzi hakijui moto wala ukingo. Kinakuandikia nota 38 nguvu 90, nota 38 nguvu 104, nota 38 nguvu 71, na ukibonyeza kucheza unapata snea ya kiwandani, ile dramu ndogo ya kizungu, maana 38 ni namba yake. Bibi naye ndiyo kabisa. Anaimba katikati ya ngazi za piano, kigeuzi kinamvuta hadi ngazi iliyo karibu. Ipo njia ya kupinda nota ndani ya MIDI, lakini vigeuzi vingi havihangaiki nayo. Sauti yake, pumzi yake, namna anavyolivuta neno la mwisho kabla kibwagizo hakijaitikiwa, vyote vimebaki nje ya faili. Umeondoa kelele, sawa, na bibi pia umemwondoa.

Kwenye tempo jamaa amechanganya ukweli na uongo, na ndiyo maana anaaminika. Ni kweli MIDI hufuata tempo, kwa sababu nota zake zimepangwa kwa mapigo ya wimbo, hazikupangwa kwa sekunde. Lakini kigeuzi kinaziweka nota palepale wapigaji walipogonga. Kama wao hawakai kwenye tempo yako, nazo hazikai. Atakachofanya ni kuzilazimisha ziruke kwenye mistari ya gridi, ile inayogawa mapigo kwenye skrini. Na kama ngoma inakwenda kwa mitatu mitatu, huku gridi imegawanywa kwa minne minne, utapata kitu kinachochechemea ambacho mtoto wa Newala hawezi kukiinukia kucheza.

Fanya hivi. Iache rekodi kama ilivyo kwenye treki ya sauti, na usiguse faili la asili, fanyia kazi nakala. Vuta picha ya wimbi karibu uangalie vichwa vya mapigo. Vikiwa vimekatwa bapa kama meza, simu ililemewa, na hakuna programu itakayokurudishia pigo lenyewe. Urekodi tena, simu ikiwa mbali zaidi na ngoma kubwa. Vikiwa na ncha, una mali. Tafuta sehemu ambayo wapigaji wametulia, kata pale pigo zito linapoanza kupanda, ugonge tempo kwa kidole kwenye kitufe chake mpaka namba itulie. Tofauti ikiwa asilimia chache unaweza kuinyoosha rekodi ifuate biti. Kwenye FL Studio usiiache kwenye hali ya Resample, la sivyo ukibadili kasi na mlio wa ngoma unabadilika. Ukinyoosha sana ngoma itaanza kulia kama debe.

Tempo ikiwa inapanda na kushuka, na kwenye sherehe hupanda kila wachezaji wakichangamka, acha kuibana ngoma. Ibane biti. Programu za Reaper na Cubase zinakuruhusu kuchora ramani ya tempo inayofuata wapigaji, pigo kwa pigo. Besi na kinanda chako, ambavyo ni MIDI halisi uliyoibonyeza mwenyewe, vitaifuata ramani hiyo bila kuharibika. Chenye kunyumbulika ni MIDI, basi chenyewe ndicho kimfuate bibi. Watu wanafanya kinyume halafu wanalalamika sindimba haiendani na biti.

Kama unataka ngoma ya kubonyeza kwenye kibodi, usiigeuze, ichukulie sampuli, yaani rekodi fupi za pigo mojamoja. Mwombe mpigaji akupigie kila ngoma peke yake, mahali pametulia, katikati na ukingoni, kutoka pigo la kunong'ona hadi la nguvu zote, na kila moja arudie mara kadhaa ili isisikike kama mashine. Halafu panga: nguvu ndogo ichezeshe sampuli laini, nguvu kubwa ichezeshe nzito. Hapo MIDI ina ghala lenye mzigo. Na mlipe mpigaji; zile elfu themanini zinafaa huko.

Mwenzako wa Lindi atasikia unachosikia kama tu ana plagini ileile, yaani programu ndogo inayotoa mlio, na sampuli zilezile. Usibahatishe. Mtolee kila treki kama WAV, faili la sauti lisilobanwa, zote zianzie mwanzo kabisa wa wimbo hata kama ala inaingia dakika ya pili, ondoa plagini za masta, zile zinazoubadilisha wimbo mzima kwa pamoja, na umwandikie tempo. Mkubaliane pia kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Faili la 48,000 likichezwa kama la 44,100, wimbo wa dakika nne unarefuka kwa sekunde 21 hivi na kila kitu kinashuka karibu semitoni (nusu ngazi) moja na nusu. Bibi ataonekana amezeeka njiani kabla ya kufika Mnazi Mmoja ya huko Lindi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti.

Na huyo jamaa hayuko peke yake. Kuna wanaogeuza MP3 kuwa WAV na kuiita "ya studio". Dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 1, ikigeuzwa WAV ya kawaida ya stereo inakuwa kama MB 10, na hizo MB tisa zilizoongezeka hazina kitu: kilichotupwa MP3 ilipotengenezwa hakirudi. Kuna wanaouza fleshi za "MIDI za asili", ambazo ni nota tu za mtu asiyewahi kusimama karibu na ngoma. Kuna wenye programu za kutenganisha sauti na ala, kama Spleeter iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Deezer mwaka 2019. Hizo ni kweli zinafanya kazi, na kwa bei ya bure, lakini zimefunzwa kutafuta mwimbaji, dramu, besi na "vinginevyo". Wapigaji wako watatu zitawatia kapu moja, na manyanga zitayararua kati ya makapu mawili. Jaribu mwenyewe kabla hujamlipa mtu akubonyezee kitufe.

Mwenye kazi ya kweli hatakataa kukusikilizisha nusu dakika ya kabla na ya baada. Ila hapo uwe macho, maana mchezo wao mkubwa ni kuongeza sauti. Kikilia kwa nguvu zaidi kidogo, sikio linasema kimekuwa safi, na mteja anatoa pesa. Mwambie ashushe ile yake mpaka zilingane, kisha azichezeshe kwa zamu wewe ukiwa umeipa skrini mgongo.