Kukojoa ndani peke yake hakutoshi kumdunga mbwa sindano ya mwisho

Pole sana, dada. Mbwa wa miaka 14 anayelowesha tandiko lake kila usiku anachosha mwili na roho, na kuuliza kama umpumzishe si ukatili hata kidogo.

Ila usiamue kabla daktari wa mifugo hajampima mkojo na damu. Maambukizi ya kibofu, kisukari na ugonjwa wa figo vyote humfanya mbwa mzee ashindwe kujizuia. Jike aliyefungwa kizazi, kama wako, anaweza pia kulegea misuli ya njia ya mkojo, na hilo lina dawa inayowasaidia wengi. Usimnyime maji, tafadhali.

Wangu, akisikia funguo mlangoni tu, alitikisa mkia hata akiwa amelowa chepechepe. Nilimuosha, nikamkausha mapajani ngozi isichubuke, tukaendelea miezi minane. Siku aliposusa chakula na kulala juu ya mkojo wake bila kuinua kichwa nilipoingia, nilijua.

Ukifika hapo, mwombe daktari aanze na dawa ya kumtuliza. Kaa naye, mshike kichwa. Mimi nilikaa, na sijutii.