Kusajiliwa SHA si kulipia SHA

Ugomvi mwingi kwenye dirisha la SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya ya umma Kenya, hospitalini huanza na sentensi moja: "Lakini mimi nimejisajili!" Na ni kweli, amejisajili. Shida ni kwamba usajili hufungua mlango mmoja tu, na yeye amesimama mbele ya mwingine.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, na nyuma yake kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: kutibiwa na kurudi nyumbani katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Huo unagharamiwa na serikali, na ukishajisajili hutakiwi kutoa kitu. Wa pili ndio bima yenyewe. Huo hulipia kulazwa, kujifungua na upasuaji, na ndio unaochangiwa na wananchi. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu; kwa maradhi sugu, huingia pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha. Kwa hiyo mwenye kikohozi anayeruka zahanati ya mtaani na kwenda moja kwa moja kupanga foleni hospitali ya rufaa ya kaunti asishangae akiambiwa atoe pesa, hata kama mchango wake haudaiwi shilingi.

Kujisajili ni bure: *147#, tovuti ya Afya Yangu, au kupitia mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini. Anayekuomba mia mbili "ya kukuingiza kwenye mfumo" anakuuzia hewa. Jambo la kuangalia zaidi ni namba ya simu. Wengi walisajiliwa saiba, yaani duka la intaneti, kwa namba ya yule kijana wa saiba, na kila ujumbe kuhusu akaunti yao unaingia kwenye simu yake. Tumia laini yako, na ukiibadilisha, badilisha na kwenye mfumo kabla hujaugua. Watoto waongeze kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Mtoto asiyeonekana kwenye akaunti ni mgeni kwa bima, hata awe na jina lako la ukoo.

Asiye na mshahara hupitia hatua ya ziada, maswali ya kupima uwezo: paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo mingapi, mko wangapi nyumbani. Majibu hayo ndiyo yanayozaa kiasi cha kulipa. Makosa hutokea hapa kwa sababu watu hujibu haraka au humwachia mwingine ajibu. Mtu amepanga chumba kimoja kwenye jengo la mawe, anaandikiwa nyumba ya mawe kana kwamba ni yake. Mwingine anasahau kuhesabu wajukuu anaowalea. Kiasi kikitoka kikubwa kupita kiasi, peleka malalamiko ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre, tena kabla ya kulipa.

Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hailipwi kwa mwezi. Inalipwa ya mwaka mzima, 3,600, kwa mkupuo. Hapa ndipo waliozoea 500 za NHIF kila mwezi hukwama: wanatuma 300, wanapata risiti ya M-Pesa, na hospitalini bado wanasomeka hawajalipa. Kama 3,600 haipatikani kwa pamoja, uliza kuhusu Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango kidogo kidogo, badala ya kutuma vijisenti ukidhani vinahesabika.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na hakuna kikomo. Mwenye 20,000 hukatwa 550, mwenye 50,000 hukatwa 1,375, mwenye 100,000 hukatwa 2,750. Mume na mke wote wakiwa kazini, kila mmoja anakatwa. Mwajiri anapaswa kuwasilisha pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sasa, payslip inaonyesha ulikatwa, haionyeshi kama zilifika. Piga *147# angalau mara moja kwa mwezi uangalie hali yako. Ukigundua pengo, mfuate mhasibu siku hiyo hiyo. Kugundulia wodini ni hadithi nyingine kabisa.

Wazazi je? Mchango wako unamhusu mwenzi wako na watoto, basi. Mama aliye kijijini ni kaya yake: anasajiliwa peke yake, anajibu maswali yake, na wewe unaweza kumlipia ya mwaka. Wengi hujua hili mama akiwa tayari kwenye machela.

Ukilazwa, bima hulipa kiasi maalum kwa siku: 3,360 hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5, 4,480 ngazi ya 6, kwa viwango vya 2025. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Tuseme hospitali ya binafsi ya ngazi ya 4 inatoza 8,000 kwa siku. Tofauti ni 4,640, na ukilala siku tatu unadaiwa 13,920 ingawa "SHA imelipa". Swali la kuuliza kabla ya kupanda kitanda ni moja: "Juu ya SHA nitaongeza ngapi?"

Upasuaji uliopangwa huhitaji idhini ya SHA kwanza, na anayeiomba ni hospitali. Dai kuonyeshwa kwamba ombi limetumwa na limekubaliwa kabla hujaacha kula usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na kidole chako usikibonyeze kwenye mashine hadi uambiwe kinathibitisha nini. Matibabu hewa hulipiwa kwa vidole vya watu halisi.

Bili ikizidi uwezo wako katika hospitali ya umma, usingoje siku ya kuruhusiwa. Mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mgonjwa angali wodini, ukiwa na kitambulisho na barua ya chifu, uombe msamaha wa ada. Maombi hayo hujadiliwa na kamati, na kamati haikai kila siku.