Mwezi wa nne muongo: nilivyomtoa Judge, na ninavyoikagua timu yangu siku hizi

Naanza na aibu ili tumalizane nayo mapema. Mwishoni mwishoni mwa mwezi wa nne 2024, msimu ndo kwanza umeanza, mimi mwenyewe, kwa kidole changu, bila kushikiwa bunduki, nilimtoa Aaron Judge, mpigaji nyota wa Yankees ya New York, kwenye timu yangu ya fantasi ya besiboli (unapanga wachezaji wa kweli kwenye simu, namba zao za uwanjani zinakuwa zako) nikamchukua Mike Trout wa Angels pamoja na mrushaji mmoja wa kawaida tu, yaani mtu wa kuwarushia wapigaji mpira. Wakati ule nilijiona mjanja kweli, maana Judge alikuwa anapiga karibu na .200, yaani akienda kupiga mara kumi anafanikiwa mbili, na Trout alikuwa anapasua mpira kila usiku, alishakaribia homurani 10 (mipira iliyopigwa ikatoka nje kabisa ya uwanja) na mwezi haujaisha. Nikalala usingizi mzito. Tarehe 30 ya mwezi huohuo Angels wakatangaza Trout kachanika gegedu la goti, anafanyiwa upasuaji, na ndo ikawa basi, mechi 29 tu, hakurudi tena msimu ule. Judge je? Alimaliza na wastani wa .322, homurani 58, kaingiza rani 144, yaani pointi za timu, na tuzo ya MVP, ya mchezaji bora wa ligi, akapewa kwa kura zote.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo kwa wale ambao mnacheza FPL tu huko nyumbani, fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mkadhani hii ni ileile. Mi niko huku jirani na Boston, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na wenzangu wa kazini ndo walioniingiza. Mtoto wa Tanga mimi, besiboli nilikuwa naiona kama watu wanaopoteza jioni kwa kusimama. Lakini zamu ya usiku ni ndefu jamani, na mechi za Los Angeles zinaanza saa nne usiku kwa saa za huku, wazee wameshalala, ukipata dakika kumi na tano za kunywa chai kuna simu na kuna mechi. Hivohivo nikanasa.

Tofauti kubwa na FPL ni kwamba kwenye FPL mimi na wewe na watu milioni kadhaa wote tunaweza kuwa na Haaland. Huku tunakaa drafti, watu 12, kila mmoja anachagua kwa zamu, ukishamchukua mchezaji ni wako peke yako. Kwa hiyo ukimwacha huwezi kusema nitamnunua tena wiki ijayo akiamka, atakuwa kwa mwenzio, na mwenzio yule utakutana naye kesho kwenye korido anasukuma kiti cha magurudumu huku anacheka. Ndo maana kosa la mwezi wa nne huku linauma kuliko kosa la mwezi wa nane kule.

Na kitu kingine ambacho kilinichukua misimu miwili kukielewa ni urefu wa msimu. Mechi 162. Sio 38. Mwezi mzima wa nne, ule ambao mi nilikuwa naona umeshatosha kabisa kumhukumu mtu, ni mechi kama 28 hivi, ukipiga hesabu za FPL hiyo ni wiki sita au saba. Na wewe mwenyewe unajua wiki tatu za mwanzo za FPL zinavyotupelekaga. 2019 si mnakumbuka Teemu Pukki wa Norwich? Goli 5 kwenye mechi 3 za kwanza, nchi nzima ikamnunua, mimi nikiwemo, akamaliza msimu na 11 na Norwich wakashuka daraja wakiwa wa mwisho. Nilikuwa na somo langu tayari mkononi, nikavuka bahari nikalirudia kwa hela za dola.

Akina Pukki wa besiboli wako wengi mno. Chris Shelton wa Detroit, 2006, homurani 9 kwenye mechi 13 za kwanza, mwezi wa nne akamaliza na 10, alafu msimu mzima akaishia 16 na mwezi wa saba unaisha ameshateremshwa ligi za chini. Yermín Mercedes wa White Sox 2021 alianza msimu kwa kupiga mara nane na zote nane zikakubali, 8 kwa 8, mtu anaonekana kama katumwa, mwezi wa saba na yeye akarudishwa chini. Au Tyler O'Neill, huyu ndo mtihani wangu wa kila mwaka, jamaa kuanzia 2020 hadi 2025 kapiga homurani siku ya ufunguzi miaka 6 mfululizo, na kila mwaka siku ile jioni kuna mtu kwenye ligi yetu anakimbia kumtafuta kama ndo kaona mwezi wa Idi.

Sasa unakaguaje timu kama namba zinadanganya? Mi saivi nafanya hivi, na sisemi ni sayansi, nasema tu imenipunguzia ujinga.

Kwanza wastani wa kupiga siuangalii kabisa hadi mwezi wa tano uanze kuchakaa. Wastani una bahati nyingi ndani yake kuliko watu wanavyokubali. Mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, kwa ligi nzima, takriban mara tatu kwenye kumi ndo mpigaji anafika salama kwenye besi, kituo cha kukimbilia, mingine inadakwa au inaokotwa na kurushwa kabla hajafika. Ukiona mtu wako mipira yake inafanikiwa nne na nusu kwenye kumi, usimtangaze mfalme, mipira inaangukia mahali ambapo hakuna mtu, na wiki mbili zijazo patakuwa na mtu. Na ukiona mipira ya mtu wako inafanikiwa mbili tu kwenye kumi huku anaupiga kwa nguvu, tulia, anapiga moja kwa moja kwenye glovu za watu, hiyo ni mikosi. (Wenye mbio wanapata kidogo zaidi ya hapo, kwa hiyo usiwapime wote kwa kipimo kimoja.)

Ninachoangalia mapema ni straiki tatu, yaani mpigaji akishindwa mipira mitatu anatolewa. Wale wanaochambua namba za mchezo huu walishaonesha kwamba kiwango cha mtu kutolewa kwa straiki tatu kinaanza kusema ukweli akishaenda kupiga kama mara 60, na kile cha kupewa besi ya bure (mrushaji akirusha minne mibovu, mpigaji anatembea tu hadi besi ya kwanza) kama mara 120. Mchezaji wa kila siku anapiga kama mara nne kwa mechi, kwa hiyo baada ya wiki mbili na ushee tayari una kitu cha kushika. Mtu aliyekuwa hatolewi ovyo mwaka jana na saivi anatolewa kama mtoto wa shule, hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi, hata kama wastani wake mzuri. Na kinyume chake pia, kijana aliyekuwa anabembea kila takataka na saivi ametulia anachagua mipira yake, huyo namfuata hata kama homurani bado hazijaja.

Ningeangalia hilo kwa Judge 2024 nisingefanya nilichofanya. Besi za bure alikuwa anapewa kama kawaida, warushaji walikuwa bado wanamuogopa, na mpira akiugusa ulikuwa unatoka na ule mlio wake. Namba moja tu ndo ilikuwa mbaya na mimi nikaikodolea macho hiyohiyo.

Afu kuna baridi. Hili nalisema kama mtu wa pwani, watu wa huku wanalichukulia poa. Mwezi wa nne hapa Boston usiku unavaa koti na glovu, mpira kwenye hewa ya baridi hauendi mbali kama wa mwezi wa saba, na mikono ikiganda ukipiga vibaya gongo linakutetemesha hadi kwenye meno. Mimi mwenyewe mwezi wa nne sifanyi kazi vizuri. Homurani nyingi zinasubiri joto, kwa hiyo mpigaji wako wa nguvu wa timu za kaskazini mpe muda.

Cha pili ninachoangalia, na hiki wengi wanakiruka, ni nafasi ya kazi. Mwalimu wa timu anampanga wapi? Wa pili kupiga au wa nane (wanaoaminiwa wanapangwa mwanzoni)? Anapumzishwa kila akija mrushaji wa mkono wa kushoto? Matokeo yanapanda na kushuka lakini orodha ya wapigaji ni uamuzi wa watu wanaomuona kila siku mazoezini. Francisco Lindor 2024 alianza vibaya hadi mashabiki wa Mets, mashabiki wa New York hao wasio na huruma, wakaamua kusimama na kumpigia makofi ili kumtia moyo. Katikati ya mwezi wa tano wastani wake bado ulikuwa chini ya .200. Timu ikafanya nini? Haikumteremsha, ikampandisha kupiga wa kwanza kabisa. Alimaliza na homurani 33, kaiba besi 29 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), na kwenye kura za MVP akawa wa pili nyuma ya Shohei Ohtani wa Dodgers.

Kwa warushaji mi ni muoga zaidi. ERA, yaani wastani wa rani anazoruhusu mrushaji, ya mechi nne haina maana yoyote, ingi moja mbaya (ingi ni kipindi, mechi ina tisa) inaiharibu mwezi mzima. Naangalia kasi ya mpira. Aliyekuwa anarusha maili 96 kwa saa na saivi ni 93 wiki baada ya wiki, hata kama anashinda, mi natafuta wa kumuuzia kabla hawajasema "kiwiko". Ila hata hapo usijidanganye kwamba utaona kila kitu, huohuo mwaka wa mikosi yangu nilikuwa na Shane Bieber wa Cleveland, mechi mbili za kwanza, ingi 12 bila rani hata moja, straiki tatu 20, namba safi kama shuka la hotelini, na kiwiko kikaisha hapohapo, upasuaji, msimu kwaheri. Ningefanya nini? Hakuna. Mambo mengine unafunga simu unaenda kuwapa wazee dawa zao.

Kuna sehemu moja tu ambayo uvumilivu ni upumbavu na ninakimbia bila kufikiri, nayo ni sevu, yaani kulinda ushindi mwishoni. Mrushaji anayeingia mwisho kufunga mechi, ile kazi ni kiti, anakaa mtu mmoja, na mwezi wa nne viti vinabadilika haraka sana. Mwalimu akishamuingiza mtu mpya ingi ya tisa mara mbili mfululizo huku timu inaongoza kwa rani moja, usisubiri namba, hela yako ya kuombea wachezaji itoe. Mason Miller wa Oakland 2024 alipatikana kwa bei ya karanga kwenye drafti yetu, anarusha zaidi ya maili 100, alimaliza na sevu 28 kwenye timu ambayo ilikuwa haishindi. Kwenye ligi yetu kila mtu anapewa dola 100 za kuigiza za kuombea wachezaji msimu mzima, na mi mwaka wangu wa kwanza nilimaliza 70 kabla ya mwezi wa tano, zote kwa wapigaji wa moto wa wiki moja. Siku hizi mwezi wa nne natumia kwa sevu na kwa kijana aliyepandishwa kutoka ligi za chini akapewa nafasi ya kila siku, basi.

Na nani wa kumtupa? Hapa kanuni yangu ni ya kibaharia kidogo, ukizidiwa unatupa mzigo mwepesi wa thamani kwanza. Yule niliyemchukua raundi ya 20 kwa kubahatisha, wiki tatu mbaya na amehamishiwa benchi, namtupa bila machozi. Yule wa raundi za juu namwacha hadi mwezi wa tano uishe, hata akinitia aibu, kwa sababu nilimchagua kwa miaka mitano ya kazi yake na sio kwa wiki nne. Kabla ya kumgusa nafungua namba zake za mwezi wa nne wa miaka iliyopita, maana wengine ndo walivyo, wanaamka polepole kila mwaka. Harry Kane wa Tottenham si alikaa miaka bila goli la mwezi wa nane kwenye ligi, hadi 2018, na katikati hapo 2017-18 akafunga 30?

Nisisahau kusema Judge nilimpa nani. Kuna mama mmoja wa Kidominika tunafanya naye usiku, mtu mzima, besiboli kaizaliwa nayo, ndugu zake wote wamecheza. Timu yake haiigusi hadi Sikukuu ya Mama huku, Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, hata mchezaji wake awe anapiga kwa macho yaliyofumbwa. Anachofanya mwezi wa nne ni kutuma maombi ya kubadilishana kwa sisi wenye presha. Ule ujumbe wa Judge aliutuma yeye, saa tisa usiku, wakati anajua nimechoka.

Msimu huu wiki ya tatu sasa, mpigaji wangu wa raundi ya pili yuko .164. Nimeangalia straiki tatu zake, ziko palepale za mwaka jana. Anapiga wa tatu kila siku. Jana usiku natoka kubadilisha shuka chumba cha mwisho, simu ikatetemeka, ni mama, anamtaka huyohuyo, ananipa mtu anayepiga .390. Nikachungulia koridoni nikamuona kaketi pale mezani, anaandika ripoti, hata kichwa hajanyanyua.

Nikabonyeza kataa. Akacheka palepale kwenye kiti bila kugeuka.