Mirongo na mito ya Korona: majibu kwa wasomaji

Kipindi cha Korona watu walijifungia ndani, mito ikajisafisha. Mbona mto Mirongo hapa Mwanza haukusafika? (Igoma)

Hapa Tanzania hatukufungiwa ndani. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020 vikaanza kufunguliwa Juni, lakini masoko, daladala na mialo viliendelea. Nchi mnayoitolea mfano ni India, iliyofunga nchi Machi 25 mwaka huo. Viwanda vilisimama, maji machafu yake yakapungua, na katika baadhi ya sehemu za mito ya Ganges na Yamuna oksijeni iliyoyeyuka majini ikaongezeka. Vimelea vya kinyesi havikuondoka, maana mtu akishinda nyumbani bado anakwenda chooni. Viwanda vilipofunguliwa, uchafu wake ukarudi.

Sasa tazameni Mirongo. Unapita katikati ya jiji, chini ya vilima vya mawe vilivyojaa nyumba, na mengi yanayouharibu yanatoka majumbani: vyoo, maji ya kufulia, mifuko ya taka. Tungefungiwa ndani mwaka mzima, mto huo ungezidi kuoza. Anayengoja janga limsafishie mto anakwepa kuzungumzia choo chake.

Picha za Venice, mji wa mifereji huko Italia, zilionyesha maji maangavu. Huo si ushahidi? (Nyegezi)

Ni ushahidi kwamba boti zilisimama na tope likatuama. Maji maangavu yanaweza kubeba kipindupindu.

Ziwa Victoria likijaa, uchafu si unazimuliwa? (Kirumba)

Mei 2020 ziwa lilivunja rekodi. Kipimo cha kina cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Maji yalipanda hadi makazi ya mwambao na kuingia vyooni. Unaita huko kuzimua?

Nikichemsha maji yenye utando wa kijani, yanafaa kunywa? (Igombe)

Hapana! Kuchemsha kunaua vimelea, lakini sumu ya baadhi ya utando huo haiondoki kwa moto. Usiyanywe, wala usimwogeshee mtoto.

Kuna dawa ya kumwaga mtoni ili usafike? (Mabatini)

Hakuna. Swali hili naletewa kila msimu wa mvua, na kila mara nawasihi msinunue vichupa vya matapeli.

Jirani yangu hutapisha choo mvua kubwa ikinyesha. Nifanyeje? (Bugarika)

Mwambie kwanza, mkiwa wawili, kabla vuli haijaanza. Akikaidi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa afya wa kata. Usingoje maji yapite mlangoni kwako. Huko chini kuna watoto wanaocheza kwenye mtaro huo, na ziwani wapo wanaochota maji ya kupikia. Kama ni mpangaji, mfuateni mwenye nyumba. Anayepokea kodi ndiye anayepaswa kulipia gari la majitaka, na pale gari lisipofika mlimani, aulizie Mwauwasa, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kama mtaa wake una bomba la majitaka la kuunganishwa. Wenye nyumba wengi wanajenga chumba cha tano wakati choo kimejaa tangu cha tatu. Hao wapigwe faini.