Uliza Ujibiwe: Mafuta Yaliisha Lesmo

Swali: Naendesha gari la GT3 (daraja la magari ya mbio) kwenye Assetto Corsa Competizione, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari. Mbio zilikuwa za dakika 60 pale Monza, kiwanja cha mbio cha Italia, bila kusimama. Mzunguko wangu ni wastani wa 1:49.2 na unakula lita 3.2. Nikapiga hesabu ya mizunguko 33, nikatia lita 106. Mzunguko wa 33, natoka tu kona ya Lesmo ya pili, gari likazima. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Jibu: Hesabu yako ya kuzidisha ni sahihi: 33 mara 3.2 ni 105.6. Ulichosahau ni mzunguko wa kujipanga kabla ya taa. Mzunguko huo ukiwa kamili, na watu wakawa wanakanyaga mafuta na breki kupasha moto matairi, unaweza kula lita 2 hivi. Ulianza mbio na 104. Gawanya kwa 3.2 upate mizunguko 32 na nusu, na Lesmo ya pili iko karibu na nusu ya njia. Gari lilizima palepale hesabu iliposema.

Kosa la pili hukuliona kwa sababu la kwanza lilikuwahi. Mbio za muda hazimalizwi na saa yako, humalizwa na anayeongoza. Wewe mizunguko 33 inakuchukua sekunde 3,603.6, kwa hiyo unaona saa imekwisha, kazi imekwisha. Anayeongoza akienda 1:48.0, 33 zake ni sekunde 3,564. Bado ana sekunde 36 mkononi, anafungua wa 34 na kuumaliza sekunde ya 3,672. Wewe ukikata mstari sekunde ya 3,603.6, yeye hajapewa bendera, basi nawe unaendelea. Siku zote gawanya muda wa mbio kwa mwendo wa *aliye mbele*, kisha ujiulize wewe utakuwa mzunguko wa ngapi akimaliza.

Hesabu ingekuwa hivi: 34 × 3.2 ni 108.8; ongeza 2 za kujipanga; ongeza nusu mzunguko wa akiba, 1.6. Jumla 112.4, tia 113. Kama tangi lako ni la lita 120, nafasi ipo. Lita 7 za ziada ni kama kilo 5 tu, maana lita ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75. Ukitaka kujua uzito huo unakugharimu nini, kimbia mizunguko mitano na lita 20 na mitano na lita 80, linganisha wastani, gawanya tofauti kwa 60 upate bei ya lita moja kwa mzunguko. Utaona ni bei ndogo kuliko kusukuma gari kwa mawazo.

Hiyo 3.2 nayo uipime vizuri: mizunguko sita mfululizo kwa mwendo wa mbio, ukiacha nje ule wa kutoka piti (pale magari yanaposimama kuhudumiwa). Wanaopima kwa mzunguko mmoja wa kutafuta nafasi ya kuanzia hupata namba isiyofanana na ya mbio.

Swali: Katikati ya mbio skrini inaniambia nitapungukiwa na mzunguko mmoja. Nikipunguza mwendo napitwa. Naokoaje mafuta?
*Msomaji, Sinza, Dar es Salaam*

Jibu: Anza mapema, hilo ni nusu ya dawa. Tuseme ni Monza hiyohiyo: pengo la lita 3.2 likigawanywa kwa mizunguko 16 ni 0.2 kila mmoja. Ukingoja ibaki minne ni 0.8, robo ya mafuta yote ya mzunguko, na hapo hata mwenye mguu mwepesi hatoboi.

Mahali pa kuokoa ni mwisho wa njia nyoofu, kabla ya breki. Monza ziko nne nzuri: kabla ya kona za Rettifilo, Roggia, Ascari na Parabolica. Kila moja inadaiwa lita 0.05. Injini hii ikikanyagwa mpaka chini hula takriban lita 0.04 kwa sekunde, kwa hiyo unahitaji kuachia kanyagio sekunde moja na robo mapema. Kwa kilomita 270 kwa saa, hiyo ni mita 95 hivi. Unafika na kasi pungufu, basi sogeza alama yako ya breki mbele kidogo. Asiyeisogeza hupoteza muda mara mbili, halafu analaumu mafuta.

Usiokoe wakati wa kutoka kona. Kasi unayoikosa pale unaikosa njia nyoofu nzima. Ila kubadilisha gia mapema kidogo kunasaidia, na kukaa kwenye kivuli cha hewa nyuma ya gari lingine kunasaidia zaidi. Piga hesabu upya kila ukikata mstari: mafuta yaliyobaki gawanya kwa mizunguko iliyobaki.

Swali: Mbio za saa 2, gari na kiwanja hichohicho. Nisimame mzunguko gani?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Toa kwanza muda wa piti, tuseme sekunde 60. Zinabaki 7,140; aliye mbele akienda kwa wastani wa sekunde 109 kila mzunguko ni 65.5, yaani mizunguko 66. Ngwe ya kwanza, yaani kabla ya kusimama, tangi la lita 120 likiwa limejaa na lita 2 zimekwenda kwenye kujipanga, haivuki mizunguko 36. Ngwe ya pili haivuki 37. Kwa hiyo mlango wa kusimama unafunguka mwisho wa mzunguko wa 29 (66 toa 37) na kufungwa mwisho wa 36. Usipange wa 29 wala wa 36. Chagua 31 hadi 34 ubaki na pa kupumulia mvua au ajali ikija.

Mafuta ya kutia piti ni jumla ukitoa uliyoanza nayo, haijalishi umesimama lini. Kuanza na lita 100 kunakupa gari jepesi mwanzoni, lakini zile 20 utazilipa umesimama.

Swali: Mvua ikinyesha nitie zaidi?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Hapana, pungufu. Kanyagio linakaa chini muda mfupi zaidi, na mizunguko inapungua. Lakini ikikauka nusu ya mbio, hesabu ya kiangazi inarudi.